Kabla Hujasema Spider-Man Yupi Mkali

Ubishi wa Spider-Man huanzia kwenye sura. Mmoja atasema Tobey Maguire ndiye mwenyewe, wa pili atamtetea Andrew Garfield, na wa tatu, aghalabu mdogo kuliko wote barazani, atawacheka na kumtaja Tom Holland. Saa nzima inakatika bila mtu kutaja tukio hata moja kwa usahihi. Wewe unayeanza kuchambua filamu, iwe kwa kuandika au kwa kurekodi sauti, ubishi huo uuache barazani. Linganisha matukio, waigizaji watajitokeza wenyewe. Tafuta jambo ambalo kila toleo limelazimika kulifanya, uone limelifanya vipi na limelipa kazi gani katika hadithi.

Kwanza ujue ukubwa wa mzigo. Kati ya 2002 na 2021 zilitoka filamu nane za waigizaji halisi zenye jina lake: tatu zilizoongozwa na Sam Raimi, akiigiza Maguire (2002, dakika 121, 2004, dakika 127, 2007, dakika 139), mbili za Marc Webb, akiigiza Garfield (2012, dakika 136, 2014, dakika 142) na tatu za Jon Watts, akiigiza Holland (2017, dakika 133, 2019, dakika 129, 2021, dakika 148). Jumla ni dakika 1,075, karibu saa 18. Hapo hujahesabu Captain America: Civil War ya 2016, ambamo Holland alianzia, wala katuni za Miles Morales, Spider-Man mwingine, za 2018 na 2023. Anayeanza hujitwisha zote kwa wikiendi moja. Akifika ya tano macho yamechoka, na zilizobaki anazitazama kwa kutimiza hesabu. Zitazame nzima mara moja, bila kalamu, kwa siku tofauti. Baada ya hapo chagua matukio matatu au manne, urudie hayo tu.

Hakikisha unajua una nakala ipi. Spider-Man 2 ina toleo refu lenye nyongeza ya dakika kama nane, Spider-Man 3 ilikuja kuhaririwa upya, na ile ya 2021 ilirudishwa kwenye kumbi za sinema 2022 ikiwa na vipande vya ziada. Ukisema "hawakuonyesha kabisa" na msomaji wako ana nakala iliyoonyesha, umekwisha. Halafu kuna mwendo wa picha. DVD za mfumo wa PAL, unaotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, kwa kawaida huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, hivyo dakika 121 zinageuka kama 116. "Dakika ya 52" yako si dakika ya 52 ya mwenzako. Andika tukio linaanza na nini, linaishia wapi, na limechukua sekunde ngapi. Angalia pia televisheni isiwe imevuta picha ili ijaze kioo. Filamu ya 2002 ina umbo la 1.85 kwa 1, lakini ya 2004 na ya 2007 ni pana zaidi, na pembeni zikikatwa watu waliosimama ukingoni wanapotea.

Nakala zilizotafsiriwa za kibanda umiza ziache kwa starehe. Msimuliaji anayezungumza juu ya picha ana sanaa yake, tena tamu, lakini anamtilia stelingi maneno kinywani na kuufunika muziki. Huwezi kupima ukimya wa tukio huku mtu anatania juu yake.

Daftari lako ligawe safu nne: sekunde, kinachoonekana, kinachosikika, na nani anajua nini wakati huo. Safu ya nne ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye mali. Kila kipande kipitie mara tatu: kama kilivyo, kisha bila sauti, kisha sauti tupu huku umeipa skrini mgongo.

Anza na kifo cha Ben, ami wa Peter Parker, kijana aliye ndani ya vazi la Spider-Man, kwa sababu ndipo matoleo yanapogawana njia. Mwaka 2002 Peter anaingia ulingoni kwenye mieleka akitafuta dola 3,000 kwa kuhimili dakika tatu. Anammaliza mpinzani mapema, kwa dakika mbili, na mwenye onyesho anamkabidhi dola 100 na kumwonyesha mlango. Mara jambazi anapora fedha za mtu yuleyule na kukimbilia kwenye lifti. Peter anasogea pembeni, anampisha. Jaza safu ya nne: anajua yule ni mwizi, anajua anaweza kumzuia, na ameamua asimzuie. Ni kisasi, tena kidogo, cha dola 2,900.

Mwaka 2012 yuko dukani, amepungukiwa senti mbili za maziwa ya chokoleti na muuzaji amemgomea. Jamaa wa nyuma yake anachota fedha za kaunta na kumrushia chupa ya maziwa anapotoka. Muuzaji anapoomba msaada, Peter anamrudishia dharau ileile aliyotoka kupewa. Mpaka hapa utadhani ni tukio moja limebadilishiwa nguo. Lakini tazama Ben yuko wapi. Katika toleo la kwanza anamsubiri kijana wake kwenye gari, basi. Katika hili la pili yuko mtaani usiku akimtafuta Peter aliyetoka nyumbani kwa hasira baada ya kugombana naye, ndipo anapokutana na mwizi na kung'ang'ania bastola. Peter wa Garfield ana deni mara mbili, la duka na la nyumbani. Na hatampata muuaji: filamu inaanza msako kisha inauacha ukining'inia. Huo ni udhaifu wa hadithi, useme bila woga.

Mtego uko 2007. Spider-Man 3 inarudi nyuma na kusema aliyefyatua risasi ni Flint Marko, yule adui mwenye mwili wa mchanga. Kwa hiyo andika mapema kama unaizungumzia filamu ya 2002 peke yake au zote tatu za Raimi, kwa kuwa maana ya tukio la lifti inabadilika. Wanaoanza huchanganya hizi mbili ndani ya aya moja.

Kwa Holland kifo hakionyeshwi. Ila kuandika kwamba "Holland hana Ben" ni kosa. Mwaka 2016, chumbani kwake Queens, anamweleza Tony Stark, yaani Iron Man, kwamba ukiwa na uwezo kama wake usipoutumia, kisha mabaya yakatokea, yametokea kwa ajili yako; jina halitajwi, lakini kijana anayesema hivyo amekwisha kuzika mtu. Katika filamu ya 2019 sanduku lake la safari lina herufi BFP, yaani Benjamin Franklin Parker. Sony na Marvel Studios walikubaliana kumshirikisha Spider-Man mwaka 2015, na watazamaji walikuwa wamemwona Ben akifa mara mbili ndani ya miaka kumi. Mzigo wa kifo ukahamishiwa kwa May, mke wa Ben, 2021, na yeye ndiye anayetamka ule msemo wa nguvu kubwa, "with great power comes great responsibility".

Msemo huo nao una mambo. Katika hadithi ya kwanza ya Stan Lee na Steve Ditko, kitabu cha hadithi za picha cha Amazing Fantasy namba 15 ya 1962, hausemwi na Ben. Umo katika maneno ya msimulizi, mwishoni kabisa. Ben wa 2002 anausema ndani ya gari, na Peter anamjibu vibaya. Ben wa 2012 hautamki wenyewe, anauzungusha kwa maneno marefu kuhusu falsafa ya baba yake Peter. Ukiandika kwa Kiswahili huna budi kuchagua neno la "responsibility", na hapo ndipo lugha yetu inakusaidia kufikiri. "Wajibu" unamkaa Ben wa 2002, mzee anayefundisha. "Jukumu" linamkaa May, ambaye anamkabidhi kijana kazi iliyoanza. "Dhamana" ni kali zaidi: waliokua wakisikia "cheo ni dhamana" katika ahadi za TANU wanajua kwamba dhamana ni kitu cha watu ulichoshikishwa, na kinaweza kudaiwa. Ndicho Stark anachomfanyia Holland mwaka 2017 anapomnyang'anya vazi.

Hilo linatuleta kwenye utando. Maguire anautoa mwilini, kwenye kifundo cha mkono. Garfield na Holland wanafunga kifaa. Usiishie kusema cha pili kinafuata kitabu zaidi. Uliza kila njia inaruhusu tatizo gani. Kwa kuwa utando wa Maguire ni mwili, mwaka 2004 unakauka nafsi yake inapochoka, na hakuna fundi wa kuutengeneza. Cha Garfield ni kifaa, hivyo mwaka 2014 adui yake Electro anakiunguza kwa umeme, na Peter anarudi nyumbani kuhangaika na betri mpaka mpenzi wake, Gwen, anampa mawazo. Holland anachanganya dawa ya utando kwa siri darasani kwenye maabara ya shule, kisha anavalishwa vazi lenye namna 576 za kufyatua, na hajui kuzitumia. Mmoja tatizo lake ni moyo, wa pili ni ufundi, wa tatu ni kupewa kikubwa kabla ya wakati.

Sasa weka treni ya 2004 kando ya feri ya 2017. Mkao ni uleule: mikono imetanuliwa, utando pande mbili, mwili katikati unachanika. Kwenye treni Peter anajaribu kwanza kwa miguu, mataruma yanavunjika. Anafyatua tando mbili kwenye majengo, kuta zinang'oka. Mara ya tatu anafyatua nyingi kwa pamoja, na treni inasimama ukingoni. Kinyago hakipo usoni. Abiria wanambeba juu ya vichwa vyao, mmoja anashangaa kwamba ni kijana tu, umri wa mwanawe, na watoto wawili wanamrudishia kinyago wakiahidi kutosema. Safu ya nne inafurika: behewa zima linajua, na linanyamaza. Kwenye feri ya Staten Island vazi lenyewe linamwambia amefanikiwa kwa asilimia 98. Ile mbili iliyobaki inaipasua meli katikati, na anayeiokoa ni Iron Man. Mmoja alishindwa mara mbili akafaulu mbele ya watu. Mwingine alifaulu karibu kabisa akaaibishwa mbele ya mkubwa wake. Ukikuta mtu anaandika kwamba feri "imeiga" treni, muulize kwa nini basi imemalizikia kinyume. (Picha za treni ile zilipigwa kwa sehemu Chicago, ndiyo maana wakazi wa New York huitazama wakikuna kichwa.)

Umri na fedha vipitie haraka. Maguire alikuwa na miaka 26 filamu yake ya kwanza ilipotoka, Garfield 28, Holland 19 alipoonekana 2016. Kwa hiyo mwanafunzi mkubwa kuliko wote ni Garfield, jambo ambalo wengi huligeuza. Mapato usiyapange kama ligi. Ile ya 2002 ilikuwa ya kwanza kuvuka dola milioni 100 Marekani kwa wikiendi ya ufunguzi, kwa bei za tiketi za wakati ule, na kabla ya tiketi ghali za 3D kuenea.

Katuni ya 2018 inahitaji macho ya namna nyingine. Kwenye mbio za msituni, Miles amechorwa kwa picha 12 kwa sekunde huku Peter aliye kando yake akiwa na 24. Ndiyo maana Miles anaonekana kugugumia kwa miguu. Kipunguze mwendo ukione mwenyewe kabla hujakiandika.

Malizia na kuanguka kutoka juu. Chanzo chake ni toleo la 121 la kitabu cha The Amazing Spider-Man, 1973: Gwen Stacy anaangushwa kutoka darajani, utando unamnasa, na shingo inavunjika. Raimi mwaka 2002 alichukua daraja akakataa kifo. Adui Green Goblin ananing'iniza Mary Jane, msichana anayependwa na Peter, mkono mmoja na kibanda cha kebo chenye watoto mkono wa pili, Peter anawaokoa wote, na raia darajani wanamtupia Goblin vitu. Webb mwaka 2014 alikataa daraja akachukua kifo, ndani ya mnara wa saa. Mishale inasimama kwenye 1:21. Hapa mwandishi wa Kiswahili ana mtego wake: ukiandika "saa saba na dakika 21" umesema kweli na umeua kidokezo, kwa sababu namba inaelekeza kwenye toleo la 121. Andika tarakimu kama zinavyosomeka.

Pima mwendo wa utando katika tukio hilo. Picha imepunguzwa kasi, ncha ya utando inachanua kama kiganja chenye vidole, inamfikia Gwen, na bado inachelewa. Kisha nenda 2021, katika filamu inayowakutanisha Spider-Man wote watatu, kwenye jukwaa la ujenzi la Sanamu ya Uhuru. MJ, mpenzi wa Peter wa Holland, anaanguka, Holland anajirusha, Goblin anamgonga njiani. Garfield anaruka na kumdaka kwa mikono. Anatua naye, anamuuliza kama yuko salama. MJ anamjibu, anamwona usoni, na kumuuliza yeye swali lilelile. Anayetazama mara ya kwanza atayaelewa machozi, maana Garfield alikwisha kumtaja Gwen juu ya paa la shule. Ila hataijua ile mikono inajibu nini mpaka awe ameuona ule utando wenye umbo la kiganja. Ukiwa na dakika kumi tu za kumweleza mtu kazi hii, mwekee vipande hivyo viwili mfululizo, cha 2014 kwanza, bila sauti, na usiseme kitu mpaka cha pili kiishe.