Prezidenti mpya wa AVEC atafute mlezi wa namna gani?

Swali: Niko Kadutu, Bukavu. Tuko wamama 22 katika AVEC yetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, na wiki iliyopita wamenichagua prezidenti. Sijawahi kuongoza watu. Prezidenti aliyetoka amejitolea kunishika mkono, lakini bado ni mwanachama na ana mkopo hajamaliza kulipa. Nimkubali? Na mlezi wa kiongozi hufanya kazi gani hasa?

Jibu: Mama prezidenti, pongezi. Mkubali kwa makabidhiano, si kwa ulezi. Kaeni mara mbili: akuonyeshe sanduku, funguo zina nani, mikopo iliyo nje, nani huchelewa kulipa na kwa nini. Kwa hayo hakuna anayemshinda. Lakini mlezi ni mtu unayeweza kumwambia, "Mama fulani hataki kulipa, nami namwogopa." Utamwambiaje hivyo mtu ambaye deni lake mwenyewe litaletwa kikaoni mwezi ujao? Hata akikushauri vizuri, wenzako watanusa kitu.

Mtafute nje ya kikundi. Usiangalie umri wala diploma. Angalia kama amefikisha kikundi hadi kugawana akiba angalau mara mbili. Mzunguko wa AVEC, yaani tangu kuanza kuweka akiba hadi kuigawana, huchukua miezi 9 hadi 12, na aliyemaliza mmoja tu huenda alibahatika. Muulize: "Mkopo gani ulikushinda kulipisha, na ulifanya nini?" Akijibu kwamba hakuna, mnywe chai, uage. Prezidenti wa zamani wa kikundi cha Bagira au Ibanda, hapo hapo Bukavu, asiyefanya biashara na wanachama wako, angefaa. Mwezeshaji aliyewafundisha ni mzuri kwa mahesabu. Ugomvi wa watu ni fundisho jingine.

Patanieni muda tangu mwanzo: miezi 6, basi. Miezi 3 ya kwanza muonane kila wiki mbili kwa dakika 45, siku moja au mbili baada ya kikao, mambo yakiwa bado mabichi. Baadaye mara moja kwa mwezi inatosha. Uende na uamuzi mmoja unaokungoja na jambo moja lililokuuma. Vitabu vya akiba vya wanachama vibaki sandukuni. Siri hiyo si yako kuitoa.

Tuseme mama mwenye akiba ya dola 40 anaomba mkopo wa dola 150. Kwa kawaida AVEC hukopesha hadi mara 3 ya akiba, yaani 120. Mlezi dhaifu atakuambia "mpe" au "mnyime". Anayejua kazi atauliza kanuni zenu zimeandika nini, komite imesema nini, na nani atakuunga mkono ukikataa. Kisha atakusimamisha ulitamke lile "hapana" kwa sauti, mara tatu, kana kwamba wote 22 wanakutazama. Watu hucheka zoezi hili, lakini wengi huijua kanuni vizuri na bado huivunja kwa sababu ulimi umekuwa mzito.

Hatari kubwa ni mlezi kugeuka prezidenti wa pili. Anaalikwa kikaoni siku moja, anasuluhisha ugomvi, na kuanzia hapo wanachama wanampigia simu yeye. Kwa hiyo asije kikaoni miezi 3 ya kwanza. Akija baadaye, akae nyuma, na la kusema akuambie pembeni mkitoka. Asishike ufunguo hata mmoja kati ya zile funguo tatu za sanduku, asikopeshwe. Nauli yake ya pikipiki itoke mfukoni mwako, kamwe si sandukuni. Na wanachama uwaambie mapema kwamba una mlezi. Wakija kugundua wenyewe, watadhani maamuzi yao yanapikwa nje.

Kufikia mwezi wa nne unapaswa kumpelekea uamuzi ulioufanya tayari, yeye autafutie kasoro. Kama bado unampigia simu kabla ya kila kikao, itazame komite yako: huenda wewe ndiye unayehesabu fedha, unaandika na kutunza sanduku, na wale wanne wengine wamekaa tu. Rudisha kazi hizo kwa wenyewe kwanza: sekretere, mtunza sanduku na wahesabu fedha wawili.