Jibu: Karakana ya bendera kule New Orleans

Dada, umeuliza kama inafaa kutumia nusu siku kwenye karakana ya bendera huko Marigny au Bywater, mitaa ya New Orleans, utakapokuwa mjini humo. Nenda! Ila piga simu kwanza, hasa kati ya Januari 6 na Mardi Gras, siku ya kilele cha karnivali ya huko, maana kipindi hicho mafundi wana oda hadi shingoni.

Njiani utaona zambarau, kijani na dhahabu zikining'inia kwenye roshani. Ni rangi za Rex, kundi la karnivali lililoanza mwaka 1872. Tangu 1892 husemwa kuwa zambarau ni haki, kijani ni imani na dhahabu ni nguvu.

Ukifika, mwombe fundi akuonyeshe jinsi pambo linavyoshonwa lionekane pande zote mbili. Anaweka kipande cha nailoni juu ya kingine, anazungusha mshono wa zigizaga kufuata umbo, kisha anageuza na kukata kitambaa kinacholifunika pambo kwa nyuma kwa mkasi mdogo. Mkasi ukiteleza, kazi ya siku nzima imeharibika. Nilibana pumzi utadhani mimi ndiye niliyeilipia.

Ukiagiza yako, epuka maneno. Upande wa pili yatasomeka kinyumenyume. Ukitaka yasomeke kotekote lazima kitambaa kirudufiwe, na bendera nzito haipepei kwa upepo mdogo. Nailoni hupepea kirahisi, poliesta huvumilia upepo mkali zaidi. Halafu kagua ule ukingo ulio mbali na mlingoti, ndiko bendera huanza kuchanika. Mshono mmoja hapo hautoshi, mwambie aongeze.