Mwanangu, kuhusu chombo chenu kinachosimama angani

Mwanangu,

Marahaba. Huku sote wazima.

Unasema mwenzako mnayetengeneza naye gemu ya vita vya anga za juu anataka chombo kisimame mchezaji akiachia kitufe cha injini, nawe umegoma, kwa kuwa nilikufundisha mwenyewe kwamba kule hakuna hewa ya kukipunguza mwendo. Unauliza mtafute udhuru wa kueleza kwa nini kinasimama au mfuate fizikia.

Tafuteni udhuru. Kituo cha anga cha kimataifa, ISS, kinaizunguka dunia kwa takriban kilomita 7.7 kwa sekunde. Adui akikujia kwa mwendo huo, kilomita moja anaimaliza kwa kama sehemu ya nane ya sekunde. Kidole hakijagusa kitufe, ameshapita. Haya, jaribu kukata kona kwa mwendo huo kwenye duara lenye nusukipenyo cha kilomita moja. Zidisha mwendo kwa mwendo, gawa kwa nusukipenyo, kisha linganisha na mvutano wa dunia: rubani anagandamizwa kwa nguvu ya karibu mara 6,000 ya uzito wake. Shusha mwendo hadi mita 300 kwa sekunde, inabaki kama mara 9, ambayo rubani wa ndege ya kivita aliyefunzwa huistahimili kwa muda mfupi. Bila kikomo cha mwendo hamna pambano la kukimbizana.

Wenzenu walishalipitia hili. Katika gemu ya Elite ya 1984, ya David Braben na Ian Bell, vyombo viliruka kama ndege. Frontier: Elite II ya 1993 ikaleta fizikia ya Newton, yaani chombo huendelea na mwendo wake mpaka kisukumwe na nguvu nyingine, na vita vikawa vya kupishana tu: mnapitana kasi, mnageuka, mnapitana tena. Elite Dangerous ya 2014 ikarudisha kikomo, ila mchezaji anaruhusiwa kuzima msaada wa kompyuta na kuacha chombo kiteleze.

Udhuru huo ndio ninaoupenda, kwa sababu haumvunji Newton: chombo kinasimama kwa kuwa kompyuta imewasha injini ndogo za mbele. Basi zionekane! Mchezaji akiachia kitufe, moto utoke puani mwa chombo na mafuta yapungue kidogo. Kompyuta ikipigwa risasi, breki hakuna, chombo kiende zake. Vivyo hivyo milio ya mabomu: semeni kompyuta inaitengeneza ili rubani ajue adui yuko upande gani, lakini kioo kikivunjika na hewa ikatoka, spika zitasikika na nani? Kuwe kimya, labda pumzi yake tu ndani ya helmeti.

Nisichokubali ni kusema anga la gemu yenu lina ukinzani wake wa ajabu. Hapo mtalazimika kueleza sayari zenu zinazungukaje jua bila kupungua mwendo na kuliangukia, na hamtaweza.

Anzeni na injini za mbele. Mkikwama kwenye hesabu za mafuta, nipigie jioni.

Baba yako