Wapeni Wazee Bao

Mhariri, mmeuliza kama riwaya ya wazee wawili wapweke wanaokutana na kuishia kuwa marafiki inaweza kuandikwa Mombasa ikaaminika. Jibu langu la kwanza: haiwezi. Mji wa Kale mzee huwa mpweke ndani ya nyumba iliyojaa. Wajukuu wamo, simu zimo, wa kuzungumza naye hayumo. Halafu riwaya hizi hupenda kuwakutanisha wazee kwenye benchi la bustani, na kurasa 10 hazijaisha washafunguliana nyoyo. Nani huku humfungulia moyo asiyemjua?

Kwetu huanza kwa kejeli, na mahali pake ni kwenye bao. Naukumbuka mchezo mmoja barazani Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, kati ya fundi wa majahazi na mzee wa bara aliyestaafu kazi za bandari ya Kilindini. Mgeni alipanga sawasawa: kete 6 nyumbani, yaani shimo kuu, la 5 kutoka kushoto mstari wa mbele, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kuliani, 22 mkononi. Akanamua vizuri, yaani akitia kete za mkononi moja moja na kula za mwenzake, hadi zamu moja kete ya mwisho aliyoisambaza ilipoangukia nyumbani. Angeweza kulala, yaani kuishia hapo, lakini akasafiri: akazizoa kete za nyumba na kuendelea kusambaza. Kete zikatawanyika mstari wa mbele, na kwenye bao huliwa mstari huo tu. Fundi akazikomba, mstari ukabaki mtupu, mgeni akawa ameshindwa hata mtaji, awamu ya baada ya kete za mkononi kuisha, haujafikiwa.

"Nyumba umeiuza bei gani, bwana?" fundi akamuuliza.

Kesho yake alasiri mgeni akarudi. Mara hii akailinda nyumba mno. Nyumba ikilala sana hunona, na mwenzio akiwa na kete shimo linaloielekea, huinamua yote. Ikaliwa nzima. Muda mrefu maneno yao yalikuwa hayo tu: lala, safiri, hapo huli. Siku mgeni alipochelewa, fundi alikataa kucheza na mwingine, akidai kete hazitimii 64. Zilitimia.

Hiyo ningeisoma. Lakini baraza hiyo ni ya wanaume. Bibi aliye ghorofani, magoti yamezikataa ngazi, hana bao wala kahawa ya jioni. Kwake yeye hata lile benchi nililolicheka ni jambo kubwa. Basi iandikwe, na mhusika mkuu awe yeye. Rafiki awe jirani wa dirisha linaloelekeana na lake, maana vichochoro vyetu ni vyembamba, mtu husalimiana na mwenzake bila kupaza sauti. Nitainunua, mradi herufi zisiwe ndogo, na mwandishi asimuue mmoja wao sura ya mwisho ili tulie.