Kuitafuta China halisi: niliyojifunza Wuhan

Mleta uzi, umeuliza utaipataje China halisi ndani ya wiki zako mbili, na umesema mnara wa Huanghelou umeshaufuta kwenye orodha kwa sababu "umejengwa juzi kwa ajili ya watalii". Nimesoma Wuhan, mji wenye mnara huo, miaka minne na swali lako nimelibeba muda mrefu, kwa hiyo naomba nichangie kwa kirefu kidogo.

Kuhusu mnara una haki ya kusema hivyo, hata mimi nilisema. Huanghelou, yaani Mnara wa Korongo (yule ndege) wa Manjano, kwa mapokeo ulianza mwaka 223. Niliupanda mwaka wangu wa kwanza nikitegemea mbao za kale, nikakuta saruji na lifti. Baadaye nikajua kwamba ule uliotangulia uliteketea kwa moto mwaka 1884, na huu umekamilika mwaka 1985, tena kama kilomita moja kutoka pale pa mwanzo, maana daraja la mto Yangtze la mwaka 1957 lilishapachukua. Nikarudi hosteli nimeudhika, nikawaambia wenzangu tumelipa kiingilio kutazama feki.

Mwenzangu mmoja wa darasani, mzaliwa wa pale, hakukasirika. Alishindwa tu kuelewa nalalamikia nini. Akaniuliza kama niliitazama mifano midogo ya mnara iliyowekwa ndani. Nilikuwa nimeipita. Kuna wa enzi ya Tang, wa Song, wa Ming, wa Qing, na hakuna unaofanana na mwenzake. Kwake yeye mnara ni huo huo mmoja: umeungua, umebomoka, umesimamishwa tena, na kila enzi imeujenga kwa mkono wake. Watu hawajaacha kupanda, kuutazama mto na kulikumbuka shairi la Cui Hao wa enzi ya Tang. Na shairi lenyewe, ukilisikiliza, linaanza kwa kuondokewa: mtu wa kale amekwishapanda korongo wake akaenda zake, hapa pamebaki mnara mtupu.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma wanafalsafa wao kwa makini. Wachina wana neno zhen, yaani ukweli, uhalisi. Katika maandishi ya Zhuangzi, mmoja wa wanafalsafa hao wa kale, kuna kisa cha mvuvi mzee anayeulizwa na Confucius, mwalimu maarufu wa China ya kale, zhen ni nini. Mvuvi hagusii kabisa umri wa vitu. Anazungumzia kilio. Anayejilazimisha kulia, hata apaze sauti namna gani, hana huzuni. Mwenye huzuni ya kweli, hata asitoe sauti, utamwona. Sisi tuliokulia kwenye misiba ya watu wengi hilo tunalijua vizuri sana. Basi nikaona kwamba nilikuwa naitafuta zhen ndani ya mbao, kumbe inakaa kwa watu, nami nikiwa mmojawao.

Usinielewe vibaya, sisemi kila kitu ni sawa. Likizo moja tulipelekwa kwenye kijiji cha milimani. Nyumba zilikuwa za mbao, za zamani kweli, na mavazi yalikuwa ya asili yao. Mabinti wakatuimbia wimbo wa kutukaribisha. Kundi la pili lilipofika wakaimba tena, la tatu vilevile, na katikati walikaa kwenye benchi wamechoka, vilemba vyao vizito wameviweka mapajani. Sisi nasi tulikuwa tumeinua simu tu, hakuna aliyewauliza hata majina yao. Kila kitu pale kilikuwa cha kale, ila kile ndicho kilio cha kulazimishwa, na tuliowalazimisha ni sisi tuliokuja kutafuta "uhalisi". Nikikumbuka bado naona aibu.

Ushauri wangu mkubwa nimeutoa kwa Confucius mwenyewe. Alipoingia hekalu kuu la nchi ya Lu aliuliza kila alichokiona. Mtu akambeza: nani kasema huyu anajua taratibu za ibada? Akajibu kwamba kuuliza huko ndiyo taratibu yenyewe. Kwa hiyo kabla hujasafiri jifunze angalau zhe shi shenme, "hiki ni nini?", na uwe tayari kusimama ujibiwe, hata kama jibu hulielewi lote.

Mimi ilinifaa asubuhi moja kwenye bustani ya Jiangtan, kando ya mto upande wa Hankou, sehemu mojawapo ya mji wa Wuhan. Nilikuwa na bakuli langu la karatasi la reganmian, tambi zenye rojo la ufuta ambazo watu wa pale hula asubuhi wakiwa wamesimama au wanatembea. Mzee mmoja alikuwa na brashi ndefu kama fimbo ya ufagio, ncha yake sponji, na ndoo ya maji. Anaandika herufi kwenye sakafu ya mawe, kubwa kubwa, mkono umetulia. Akifika mstari wa tatu, wa kwanza umeshakauka. Nikamwuliza, zhe shi shenme? Akanieleza kwa lafudhi ya Wuhan, sikuambulia hata nusu, kisha akanipa brashi. Akaniandikisha ren, "mtu", mistari miwili tu. Mguu wa kulia wa herufi yangu ukatoka mfupi. Akanishika kiwiko, tukaandika tena, na tena, mpaka tambi zangu zikapoa.

Kwa hiyo Huanghelou urudishe kwenye orodha, mkuu. Nenda asubuhi, na ile mifano ya ndani usiipite kama nilivyoipita mimi.