Skramba na kwadi karibu na Nairobi: udongo kwanza, mwenye ardhi pili, mahali baadaye

Ndugu, nimekusoma. Umenunua skramba ya 250 ya mtumba, ile pikipiki ya kuchezea kwenye vumbi, shemeji yako ana kwadi, ile ya magurudumu manne, mnaishi South B, na Jumapili ndiyo siku pekee mliyo nayo. Unauliza mnaweza kwenda wapi mkacheze kwenye vumbi na kurudi kabla ya giza, bila kugombana na mtu, na pia kama unaweza kwenda peke yako shemeji akikosa nafasi.

Wenzangu waliokujibu kabla yangu wamekutajia mahali kama kumi. Mimi nilianza na orodha kama hiyo mwaka 2016, na nusu ya mahali hapo leo pana waya na kibao cha ploti zinazouzwa. Kwa hivyo sitaanza na majina. Nitaanza na udongo.

Ukitoka Athi River kwenda Kitengela, Isinya mpaka Konza, sehemu kubwa ya tambarare ile ni udongo mweusi, ule ambao mjenzi huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi. Ukikauka unapasuka nyufa za kumeza gurudumu. Ukinyeshewa, sahau. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Novemba, tulitoka watatu tukaingia nyuma ya Isinya. Asubuhi jua kali, tunapigana picha. Saa saba mchana kikaja kiwingu, kikamwaga mvua ya dakika ishirini, kikaenda zake. Niliendesha kama mita arobaini. Udongo unashika tairi, tairi linaubeba, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka kabisa, na pikipiki inaburutwa kama jembe. Nikauchokoa kwa spana namba kumi na saba. Nikasukuma hatua sita, umejaa tena. Klachi ikaanza kunuka. Mwisho tulifungua madigadi za mbele, bolti nne kila moja, tukazifunga mgongoni kwa kamba, tukasukuma. Chini ya kilomita tatu kufika lami, saa nne nzima. Mke wangu aliniuliza kama nilikuwa nachimba kaburi.

Tangu siku hiyo, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, tambarare siigusi, hata asubuhi ikiwa na jua. Sihesabu mvua ya leo, nahesabu ya jana na juzi. Na mwambie shemeji magurudumu manne hayatamwokoa: kwadi ya kazi ina kilo mia mbili na zaidi, ikizama kwenye udongo ule mtaitafutia trekta.

Miezi ya mvua nenda kwenye mawe na changarawe, ambako maji hayakai. Hapo ndipo ninapofikia upande wangu ninaoupenda kuliko wote, njia ya Magadi. Pita Rongai, Kiserian, panda mpaka Kona Baridi. Pale upepo ni wa sweta, na bonde lote liko chini yako. Kuanzia hapo barabara inateremka, na kila kilomita joto linaongezeka. Usikimbilie kuacha lami. Mimi hupita Olepolos, nashuka mpaka karibu na Kisamis, ndipo naanza kutafuta vijia vya kulia na kushoto. Ardhi ni mawe, changarawe, vichaka vya migunga na laga zenye mchanga, yaani mikondo ya mito ya msimu iliyokauka. Laga ndizo shule yenyewe. Kwenye mchanga mgeni hupunguza mwendo, na akipunguza tu gurudumu la mbele linachimba. Simama kwenye vikanyagio, sogeza uzito nyuma, angalia mbali, toa mafuta kidogo kidogo. Utaanguka mara mbili tatu. Mchanga ni laini. Ila laga usiingie kama bonde limetanda wingu huko juu. Maji yake hayatoki pale ulipo, yanatoka milimani, na unaweza kuyasikia huku umesimama kwenye jua.

Mkiwa na siku nzima, teremkeni mpaka Olorgesailie, zaidi ya kilomita sitini kutoka mjini. Pale ni mahali pa Makumbusho ya Taifa, ambapo Louis na Mary Leakey walichimba shoka za mawe miaka ya 1940. Egesha, lipa, tembea kwa miguu, kunywa maji, rudi. Usiwe yule mtu aliyepitisha tairi la nundu juu ya shoka la mawe lililokaa pale miaka laki kadhaa. Magadi yenyewe ni mbali kwa safari fupi. Tena ziwa lile liko kama mita 600 tu juu ya bahari, wakati Nairobi tuko karibu 1,700. Pikipiki ya kabureta iliyopimwa mafuta kwa hewa ya huku juu, ukiifikisha kule inapata hewa nyingi kwa mafuta yale yale, na joto la kule si la mchezo. Ya kwangu ilianza kugonga nilipoibana. Nilirudi polepole kama mzee wa baiskeli.

Sasa mwenye ardhi. Karibu na Nairobi hakuna ardhi isiyo na mwenyewe, hata ile inayoonekana kama pori la Mungu. Ranchi nyingi za vikundi za Kajiado, zile zilizoandikishwa kwa sheria ya 1968, zimegawanywa. Kila mtu ana hati yake na, taratibu, waya wake. Kile kijia unachokiona kwenye picha ya setilaiti ni njia ya ng'ombe kwenda majini, na kinapita mlangoni pa boma la mtu.

Mimi nazima injini mbali, navua helmeti. Ukiwa na helmeti wewe si mtu, ni kelele tu. Nasalimia kwa Kimaasai, "Supa", najibiwa "Ipa", tunaulizana mvua, tunaulizana mifugo, ndipo naeleza shida yangu. Mzee mmoja karibu na Kisamis alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Kwa hivyo mnatafuta nini?"

"Hatutafuti kitu, mzee. Tunacheza tu."

"Watu wazima?"

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akachukua fimbo akanichorea chini: hapa laga, hapa mbuzi wanazaa msipite, hapa kuna shimo la zamani la kokoto, pitieni juu yake, mkitokea kwenye mti huu mmefika barabarani. Ramani ile niliipiga picha kwa simu, na hakuna programu iliyowahi kunipa bora. Siku hizi nampelekea kilo mbili za sukari na majani ya chai kila nikipita. Pesa sitoi mlangoni. Ukianza kutoa pesa, mwenzako anayekuja kesho atadaiwa, na keshokutwa kijia kitafungwa na vijana wenye gogo. Sheria yangu nyingine: nikiona mifugo nasimama kabisa, nazima, wanapita. Mbuzi akivunjika mguu kwa sababu yako, umeharibia kila mtu mwenye skramba Nairobi nzima.

Suswa watu wanaipigia debe sana, na ni kweli ni kitu kingine. Ni mlima wa volkano wenye kreta ndani ya kreta, na mapango yaliyoachwa na lava ambayo nyani hulala ndani. Jamii ya pale ina hifadhi yake. Mnalipa kuingia, na mchukue kijana wa kuwaongoza, msijidai. Ila si safari ya nusu siku kutoka South B, na vumbi lake si vumbi ulilozoea. Ni unga. Ndilo jirani la lile mliloona kwenye Safari Rally tangu iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, magari yanazama kwenye vumbi la Kedong, upande wa Naivasha, kama mtumbwi. Linafunika mawe na mashimo, na linaingia kila mahali. Mara ya kwanza pikipiki ilikata pumzi nikidhani ni plagi. Nilipofungua eya klina nikakuta kama nimechota unga wa chapati. Sasa nabeba sponji ya pili iliyopakwa oili, ndani ya mfuko wa plastiki, naibadilisha mchana. Na msifuatane kwa karibu: mpe wa mbele dakika nzima, la sivyo wa nyuma anaendesha akiwa kipofu.

Upande wa Machakos, kuanzia Lukenya kupanda vilima vya Mua, ni mzuri kwa njia za murram na kona, ila ni mashamba ya watu. Ni pa kutembea na kuangalia mandhari, si pa kuruka.

Na pa kuruka je? Hapo nenda Jamhuri, kwenye uwanja wa motocross karibu na Ngong Road. Najua umesema unataka porini, lakini wewe ni mgeni wa skramba, na asubuhi mbili kwenye uwanja wenye watu wanaokuona ukianguka zitakufunza kuliko mwezi wa kubahatisha huko Kajiado. Uliza kwanza siku za mazoezi.

Mahali pa kupita mbali: mbuga ya taifa ya Nairobi hawaruhusu pikipiki kabisa, usijaribu kujadiliana langoni. Karura ni ya miguu na baiskeli. Kilele cha milima ya Ngong waachie wanaotembea. Jumapili kuna watoto wa shule na vikundi vya kanisa kwenye ule mgongo mwembamba, na wewe unakuja na tairi la nundu? Hata ukiweza kupenya, usipenye. Nyuma ya Kitengela nako, zile twiga na pundamilia utakazokutana nazo zinatoka mbugani, hapo ndipo zinapolishia. Ukiziona geuza, usizikimbize ili upate video.

Kwadi ina shida yake ya peke yake. Haina haki ya kupita Mombasa Road wala Magadi Road kama gari, kwa hivyo mtahitaji pikapu au trela. Ifungeni kwa mikanda minne, mbele na nyuma, na gia iwe ndani. Mimi nilishuhudia moja ikishuka yenyewe kwenye mlima wa Kiserian kwa sababu ilifungwa kwa kamba ya katani. Tairi zake zinataka upepo kidogo sana, kati ya psi 5 na 7. Vijana wa pancha watakujazia 30 kama Probox ukigeuka tu. Skramba yako mimi ningeishusha mpaka kama 15 ukiacha lami, na nisisahau kuijaza kabla ya kurudi. Na shemeji asibebe mtoto mbele. Kwadi ikipinduka inamlalia aliye juu yake, na huyo wa mbele ndiye wa kwanza.

Skramba iwe na namba na bima, na wewe uwe na leseni ya pikipiki, daraja A2, kwa sababu mpaka ufike kwenye vumbi umepita polisi mara tatu. Ila jua bima ya kawaida, ile ya kulipia madhara kwa watu wengine, haikutibu wewe. Nilikaa miaka miwili bila kufikiria hilo, mpaka rafiki yangu akavunja fupa la bega mbali na lami, tukambeba nyuma ya pikapu ya mkaa. Sasa nina uanachama wa AMREF Flying Doctors, wale wa ndege za wagonjwa walio uwanja wa Wilson.

Saa zenyewe: ondoka saa kumi na mbili asubuhi, uwe kwenye vumbi saa mbili, ugeuze saa saba. Jua kwetu linazama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, lakini si giza ninaloliogopa. Ni Magadi Road jioni ya Jumapili, wale waliokuwa Olepolos tangu asubuhi wakila nyama na kunywa, wote wanarudi pamoja, na Rongai imefunga.

Kuhusu kwenda peke yako: Jamhuri ndiyo. Njia ya Magadi usijaribu mpaka uweze kutoa tairi, kubandika tyubu na kulirudisha bila msaada, kwa sababu miiba ya migunga haikosi. Jaribu hapo nyumbani kwanza, sakafuni, na tochi mdomoni. Mimi mara ya kwanza nilichukua dakika sabini na nikaitoboa tyubu upya kwa chuma cha kubandulia.