Kamera ya kompyuta na utafiti wa usomaji

Ndugu mtafiti, umeuliza kama kamera ya kompyuta mpakato, ikisaidiwa na akili bandia, inatosha kubaini maneno yanayowakwamisha wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaposoma. Nakushauri usiitegemee, kwani jicho la msomaji mzoefu hutua kwenye neno kwa takriban milisekunde 200 hadi 250, ilhali kamera ya kawaida hupiga picha 30 tu kwa sekunde, na programu inayokadiria mtazamo, yaani mahali macho yanapotazama, kutokana na picha hizo huweza kukosea hata kwa mistari kadhaa. Tafuta maabara yenye kifaa cha kufuatilia macho kwa mwanga wa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho); vifaa bora vya aina hiyo hupima mahali jicho lilipo mara 1,000 au hata zaidi kwa sekunde. Kamera itakufaa ukitaka kujua tu kama mwanafunzi alitazama mchoro au maandishi. Tena, tafadhali sana, pata kwanza idhini ya wazazi, na ukishapata takwimu za mtazamo, futa video za nyuso za watoto hao.